Kiharusi hakibishi hodi: kuuguza kwa imani tangu saa ya kwanza

Mtu ameamka mzima, amekunywa chai, ameaga. Kabla jua halijapanda uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, maneno yanatoka kama ya mlevi au hayatoki kabisa. Familia ya Kikristo hapo hujikuta na mambo mawili kwa mpigo: kuomba na kukimbia. Mwongozo huu ni wa familia hiyo, hasa iliyopo Tanzania, iwe na usharika, parokia au kanisa la kipentekoste.

Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hawezi kusali. Wakati mwingine hawezi hata kulikumbuka jina la Yesu. Ndiyo maana tunaanza na Marko 2, ambapo mtu mwenye kupooza alibebwa na wanne. Imeandikwa kwamba Yesu "alipoiona imani yao" ndipo akasema naye. Imani yao ilikuwa na kazi za mikono: kubeba, kupanda darini, kutoboa, kushusha kitanda. Ukiuguza kwa imani, kazi zako ni za aina hiyohiyo.

Saa ya kwanza

Dalili za kukariri ni uso kupinda, mkono au mguu mmoja kuishiwa nguvu ghafla, na usemi kuharibika. Ongeza kupoteza kuona ghafla, kuyumba bila sababu, na kichwa kuuma kwa ukali ambao mtu hajawahi kuusikia. Hata dalili ikipita baada ya dakika kumi, nenda hospitali. Kiharusi kidogo kinachopita huweza kutangulia kile kikubwa.

Tazama saa. Andika muda wa mwisho ambao mgonjwa alionekana mzima. Si muda mliomkuta, kwa sababu huenda alianguka tangu alfajiri. Daktari ataliuliza hilo kabla ya mengi, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, na baada tu ya kipimo cha CT-scan kuonyesha kuwa ubongo hauvuji damu. Ni hospitali chache zenye dawa hiyo, lakini hata pale isipokuwepo, kufika mapema kunaokoa maisha: sukari inapimwa (sukari ikishuka sana huweza kuiga kiharusi), njia ya hewa inalindwa, presha inasimamiwa na wanaojua.

Usimpe chochote kinywani. Koo lake huenda limepooza pamoja na mkono, na kinachomezwa huingia mapafuni na kuleta nimonia. Katazo hili linahusu maji ya kawaida, maji ya baraka, mafuta ya upako ya kunywa na kipande cha mkate wa Meza ya Bwana. Usimpe aspirini, maana kama ubongo unavuja damu utauongezea. Usimwongezee vidonge vya presha ukidhani unamsaidia. Akitapika au akipoteza fahamu, mlaze ubavu. Usafiri uwe gari au bajaji yenye mtu wa kumshika, kamwe isiwe bodaboda.

Sala ya saa hii isaliwe ndani ya gari. "Bwana, ushike uhai wake. Waongoze watakaompokea. Amina." Inatosha. Makosa yanayogharimu zaidi hutokea hapa: familia inamlaza mgonjwa sebuleni, inaita kikundi cha maombi, na kikundi kinaomba hadi jioni kikisubiri mkono unyooke. Hakuna mahali katika Maandiko panapoagiza hivyo. Mfalme Hezekia alipougua karibu na kufa, Isaya yuleyule aliyeleta neno kwamba Mungu amemwongezea miaka 15 ndiye aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20). Nabii alileta neno na dawa kwa safari moja. Luka naye anaitwa tabibu mpendwa katika Wakolosai 4:14, wala Paulo hakumwambia aache kazi yake.

Kwa familia ambayo bado ni nzima: chukua karatasi leo, andika majina ya wazee wenu, maradhi yao, dawa wanazomeza, namba ya kadi ya bima, na simu za watu wawili wa jumuiya wenye gari. Iwekeni ndani ya jalada la Biblia ya nyumbani. Hiyo ndiyo hutafutwa kwanza, na hakuna asiyejua ilipo.

Watu wanne, kazi nne

Siku ya kwanza wodini, kaeni dakika kumi mgawane kazi. Familia isiyogawana huishia kumchosha mtu mmoja, mara nyingi mke au binti, hadi naye anaugua.

Wa kwanza ni msemaji. Yeye peke yake ndiye huongea na daktari na kuandika kwenye daftari: tarehe, jina la dawa, alichosema daktari, swali la kesho. Wa pili anakaa kando ya kitanda cha mgonjwa, na apangiwe wa kumpokea kila baada ya saa nane. Wa tatu ni mhazini. Wa nne ni mjumbe wa kanisa. Huyu humtaarifu mchungaji au paroko na mwenyekiti wa jumuiya, na ndiye anayeandika kwenye kundi la WhatsApp. Ujumbe wake uwe mfupi na uombe kitu kinachojulikana, kwa mfano:

"Bwana Yesu asifiwe. Baba yupo wodini, amepimwa na ameanza matibabu. Tunaomba mtuombee mambo mawili: aweze kumeza salama, na mama apate usingizi. Kumwona ni jioni tu, watu wawili kwa zamu. Tafadhali msimpigie mama simu, nipigieni mimi. Taarifa nyingine tutaleta Ijumaa."

Picha ya mgonjwa mwenye mpira puani isitumwe popote. Hakuruhusu, na akipata nafuu ataikuta huko mitandaoni.

Kuomba kando ya kitanda

Ubongo ulioumia huchoka haraka na hauvumilii kelele. Dakika tano za maombi kwa sauti ya kawaida zinamfikia. Saa nzima ya kukemea kwa sauti kubwa inampandisha presha na kuwasumbua wagonjwa wa vitanda vya jirani. Mkesha ufanyike kanisani. Huko pazeni sauti mpendavyo.

Simama upande ambao mgonjwa anauona. Baada ya kiharusi, wengine hawautambui kabisa upande mmoja wa dunia, hasa wa kushoto. Ukija kutokea huko, atakusikia kama sauti isiyo na mtu. Wekea mkono wako kwenye mkono wake ulio hai, maana huo ndio unaohisi. Mkono uliopooza usiuvute wala kuunyanyua wakati wa maombi, kwa kuwa misuli ya bega haishiki tena na bega huteguka kirahisi. Mwambie unachofanya: "Baba, shikamoo. Ni mimi. Nitasoma mistari miwili halafu nitaomba." Fanya hivyo hata kama hana fahamu. Wauguzi wazoefu huongea na wagonjwa wa namna hiyo, na wewe fanya vivyo.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo vidonda vya mgongoni na kwenye visigino huanza ndani ya siku chache. Tunashauri ratiba ya sala ifuate ratiba hiyo. Kila anapogeuzwa, soma zaburi moja fupi au mistari minne, kisha kimya. Zaburi 121, 130, 23, 13, 42 zinatosha kuzunguka siku nzima. Faida yake ni mbili: sala haisahauliki, na kugeuza hakusahauliki. Andika saa ya kila mgeuzo, na upande aliolala, kwenye daftari.

Zaburi 13 inastahili kusomwa bila kuruka mistari. Inaanza kwa kulalamika, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Watu wengi waliolelewa kanisani huona aibu kumwambia Mungu maneno kama hayo mbele ya mgonjwa, basi wanabaki na sifa tupu ambazo hazilingani na kilichopo kitandani. Maombolezo ni maombi kamili. Anayeuguza asipoweza hata hayo, Warumi 8:26 inasema Roho huomba kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kaa kimya, shika mkono.

Ulimi uliofungwa

Hapa ndipo familia nyingi huogopa kuliko penginepo, na ndipo pia imani ya zamani ya mgonjwa husaidia kwa njia inayoonekana kwa macho.

Kwa watu wengi, sehemu za ubongo zinazoshughulikia lugha ziko upande wa kushoto, na upande huohuo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Basi anayepooza kulia mara nyingi hupoteza maneno pia. Anaelewa, lakini akitafuta neno "maji" linatoka neno lingine, au tusi, au silabi moja anayoirudia. Si pepo aliyemshika ulimi. Ni mshipa ulioziba au kupasuka mahali panapotengeneza maneno. Tusi likitoka kinywani mwa mzee wa kanisa, msimkemee. Yeye mwenyewe ameshtuka.

Maneno yaliyokaririwa tangu utotoni, pamoja na nyimbo, hupitia njia nyingine kwa sehemu. Ndiyo maana mtu asiyeweza kusema "naomba maji" huweza kuimba ubeti mzima au kuendelea na "Baba yetu uliye mbinguni" ukimwanzishia. Wataalamu wa tiba ya usemi hutumia uimbaji kufundisha maneno upya. Nyumbani fanyeni hivi, mara mbili kwa siku, dakika kumi tu kila mara:

Chagueni wimbo mmoja aliokuwa akiuimba bila kitabu, wa Tenzi, wa Nyimbo za Kristo au wa kwaya ya parokia yake, kadiri ya kanisa alilolelewa. Usiwe wimbo mpya wa kwaya ya vijana. Mmoja wenu akae mbele yake ili midomo ionekane. Imba polepole, ukigonga mapigo taratibu kwenye mkono wake ulio hai. Ubeti wa kwanza imba mwenyewe. Ubeti uleule urudie, acha neno la mwisho la kila mstari, subiri hadi uhesabu kumi kimoyomoyo. Akilileta, vizuri. Asipolileta, litaje bila kumsahihisha na mwendelee. Wakishaweza mistari ya wimbo, watu wengi huanza kupata na vifungu vifupi vya kila siku vikiimbwa kwa sauti ya wimbo: "nataka maji", "nina maumivu". Kinachoharibu zoezi hili ni haraka, runinga iliyowashwa, na ndugu watatu wanaomsaidia kwa pamoja.

Kwa Sala ya Bwana fanyeni vilevile. Na kama anaweza kutikisa kichwa, aulizwe maswali ya ndiyo au hapana: "Baba, tuombe sasa?" Mwacheni akatae. Mtu aliyepoteza mamlaka juu ya mwili wake wote bado ana haki ya kusema hapana kwa maombi ya saa hiyo.

Mafuta, Meza ya Bwana na kufunga

Yakobo 5:14 inaagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Aliyelala hawezi kuita, kwa hiyo iteni nyinyi, siku ya kwanza. Kwa Wakatoliki, Mpako wa Wagonjwa hutolewa na padre au askofu peke yake, kwenye paji la uso na mikononi. Katekista anaweza kusali na kusoma Neno. Wengi huchelewa kumwita padre wakidhani ni sakramenti ya anayekata roho. Ni ya mgonjwa aliye hatarini, hata akiwa hana fahamu, na inaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya.

Tone moja linatosha. Mafuta yasikaribie pua na mdomo wa mgonjwa aliyewekewa oksijeni, kwani mafuta na oksijeni vikikutana na cheche huwaka moto mkali. Kwa sababu hiyohiyo mshumaa hauwashwi wodini. Yasipakwe juu ya kidonda wala penye sindano ya dripu.

Ushirika Mtakatifu usubiri hadi muuguzi amjaribu kumeza, akiwa ameketi wima, kwa kijiko cha maji. Akishindwa mkate, Kanisa Katoliki linaruhusu mgonjwa apokee kwa divai peke yake, hata tone, na padre aamue baada ya kuongea na wauguzi. Asiyeweza kabisa asomewe Neno na kuombewa. Hakupungukiwa.

Kufunga ni kwa wazima. Mgonjwa asifungishwe, hasa mwenye kisukari anayechoma insulini: sukari ikishuka itaujeruhi ubongo ambao tayari umejeruhiwa. Anayelala wodini kumuuguza naye asifunge. Funga yake ni usingizi anaoukosa.

Wenye majibu

Siku ya tatu watakuja wenye majibu. Mmoja atasema amerogwa, mwingine kuna dhambi haijaungamwa, wa tatu imani ya familia ni haba. Chanzo cha kiharusi kwa kawaida kinajulikana: presha isiyotibiwa ndiyo ya kwanza, kisha kisukari, magonjwa ya moyo, sigara, pombe. Kuhusu dhambi, wanafunzi walimwuliza Yesu swali hilohilo juu ya kipofu, naye akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3). Kuhusu imani haba, yule baba aliyelia "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" alisikilizwa siku ileile. Na Paulo, ambaye hakuna anayemshutumu kwa imani ndogo, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20).

Jibu la mlangoni liwe la adabu na fupi: "Asante kwa kutujali, ndugu. Tunaendelea na matibabu na maombi." Usibishane. Anayedai "mbegu" ya fedha kwa simu ili aombe, asitumiwe. Elisha alimponya Naamani akakataa zawadi zake, na Gehazi aliyezifuata kwa siri aliishia kupata ukoma.

Fedha ya mchango

Mhazini aandike kila shilingi: nani, kiasi gani, imetumika wapi, risiti ipi. Mtu wa pili asaini kila wiki. Michango ya wagonjwa imevunja undugu wa watu waliokuwa wakisali pamoja miaka mingi, na chanzo mara nyingi si wizi, ni daftari ambalo halikuwepo. Kama hamna bima na gharama zinawashinda, msitoroke wodini. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, siku za mwanzo, juu ya msamaha au kulipa kidogo kidogo, mkiwa na barua ya serikali ya mtaa.

Vidonge na ushuhuda

Mgonjwa akiruhusiwa, hatari ya kiharusi cha pili ni kubwa zaidi katika siku na wiki za mwanzo. Vidonge vya presha kwa kawaida ni vya maisha. Kosa linalorudiwa kila mwaka makanisani ni hili: amesimama, ametoa ushuhuda, makofi yamepigwa, na wiki hiyohiyo ameacha dawa kwa sababu kuendelea nazo kunaonekana kama kumkana Mungu. Mwaka 2011 maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha mchungaji aliyeitwa Babu, walikuwemo walioondoka hospitalini na walioacha dozi zao. Presha iliyo juu mara nyingi haina dalili. Mtu hujisikia mzima hadi siku anapoanguka tena.

Mchungaji anayeongoza ushuhuda anaweza kulizuia hilo kwa kumuuliza mbele ya watu, "Na dawa unaendelea nazo?" Presha ipimwe nyumbani asubuhi na jioni, baada ya kukaa dakika tano, kwenye mkono usiopooza, iandikwe kwenye daftari lilelile la wodini. Kiwango kinachotakiwa muulize daktari. Kidonge cha asubuhi kiende na sala ya asubuhi, kikiwa juu ya meza penye Biblia.

Mazoezi ya viungo ni kila siku, kama alivyoelekeza mtaalamu. Chakula kiliwe akiwa ameketi wima, na abaki hivyo dakika 30 baada ya kula.

Giza linalokuja baadaye

Karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata sonona. Huacha kula, hulia bila sababu, husema bora angekufa, hukataa kuombewa. Huo ni ugonjwa, una dawa, na unahusiana na jeraha la ubongo pamoja na hasara aliyoipata. Mwambie daktari wa kliniki. Msomeeni Zaburi 88, ambayo inakwisha gizani bila neno la faraja, na msimwongezee faraja yenu juu yake. Akisema anataka kujidhuru, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ikiwa daktari amesema hali haitarudi, mwambieni msemaji wenu aulize wazi: anaumia? Anaweza kwenda nyumbani? Mpatanisheni na aliyekosana naye akiwa bado anasikia. Aelezwe ukweli kwa maneno mepesi na mtu anayemwamini, si kwa kufichwa kwa lugha ya "utapona tu, baba". Kumwombea apone na kumwandaa kufa havipingani, Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha."

Jumuiya hujaa nyumbani wiki mbili za kwanza, kisha wageni hupungua. Nguvu nyingi za mwili hurudi katika miezi mitatu ya mwanzo na kuendelea polepole baada ya hapo, yaani kazi kubwa ya mazoezi inafanyika wakati wageni wamekwisha. Mwenyekiti wa jumuiya apange ratiba ya miezi sita tangu mwanzo. Kaya moja kwa wiki inatosha, na kila moja ipewe jambo dogo linalotajwa: kufua mashuka Jumatatu, kumsindikiza kliniki, kukaa naye kwa muda wa saa tatu alasiri ya Jumamosi ili mke wake aende kwenye kikundi cha akina mama au alale. Kaya ikishindwa wiki yake, ibadilishane na nyingine kabla, na mwenyekiti ajulishwe.